Bandana ya kitenge haifiki kisogoni: nimekosea wapi?

MamaLisheUyole ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Ninaendesha mgahawa mdogo hapa Uyole, Mbeya, pamoja na mabinti wawili wanaonisaidia jikoni. Kwa kuwa kutwa nzima tunashika unga, mafuta na nyanya, niliona ni vyema sote watatu tuvae bandana za kitambaa kimoja, ili nywele zisidondokee chakula na mteja naye aone kwamba tunajijali. Nilikuwa na mabaki ya kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu, na cherehani ya miguu ya marehemu mama bado inafanya kazi, kwa hiyo sikuona sababu ya kumpelekea fundi.

Nilikata vipande vitatu vya mraba, sentimita 45 kila upande, nikapinda kingo na kushona. Nilipoikunja ya kwanza pembetatu na kumfunga binti aliyesuka rasta, ncha mbili zilikutana kisogoni bila kubaki kitu cha kupigia fundo. Tulilazimisha, ikampanda hadi utosini, na kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imeangukia kando ya sufuria ya maharage. Baada ya kufuliwa mara moja tu imepoteza umbo, imevutika upande mmoja kama kishada kilichopigwa na upepo. Kona nazo zimekuwa nene kiasi kwamba nimevunja sindano mbili. Kitenge kimebaki kama mita moja, na sitaki kukiharibu tena. Naomba msaada wenu.

FundiMafinga amejibu:

Pole sana dada. Kosa kubwa lilitokea kabla hujashika mkasi, kwa sababu ulipima upande wa mraba, ilhali kinachozunguka kichwa ni ule mstari unaotoka kona hadi kona. Mraba wa sentimita 45, ukitoa upindo, unabaki na 43, na kutoka kona hadi kona unapata takribani 61. Kichwa cha mtu mzima mwenye nywele fupi hakipungui sana 55 au 56, na aliyesuka rasta anaweza kufika 60 au zaidi. Hilo fundo lingetoka wapi?

Chukua futi ya kupimia, mzungushie binti juu ya nywele zake kama anavyozibana akiwa kazini, kisha ongeza sentimita 22 hadi 25 za kufungia. Jumla hiyo uizidishe kwa 0.7, na jibu ndilo upande wa bandana ikiwa imekwisha kushonwa. Kwa mfano, kichwa cha 56 ukiongeza 22 unapata 78, na 78 mara 0.7 ni kama 55. Ongeza sentimita 2 na nusu za upindo, ukate 57 na nusu. Upana wa kitenge kwa kawaida ni kama sentimita 115, kwa hiyo vipande viwili vya kipimo hicho vinakaa sambamba na hakipotei kitu, ila pima kwanza chako, kwa maana vitenge havilingani. Kile kiukanda kitakachobaki kwenye ile mita moja usikitupe, nitakuambia kazi yake.

Kuhusu kupoteza umbo, nina hakika ulikata kwa kufuata mistari ya maua. Maua ya kitenge huchapwa juu ya kitambaa, na mara nyingi hayakai sawa na nyuzi. Vuta uzi mmoja taratibu kutoka kwenye ukingo uliokatwa. Utaacha mfereji mwembamba ulionyooka, nao ndio mstari wa kukatia. Kazi hii inachosha na wateja wangu hawaioni, lakini ndiyo inayofanya kitambaa kirudi kwenye mraba wake kila kinapofuliwa.

Sasa kona. Kunja ukingo milimita 6, piga pasi, kunja tena milimita 6, piga pasi, kisha ufungue mikunjo yote. Utaona kwenye kona mistari imekatizana na kutengeneza miraba midogo. Kata ncha ya kona kwa mshazari, ukipita nje kidogo ya makutano ya mistari ya ndani, kunja sehemu hiyo kwa ndani, ndipo urudishe mikunjo ya pande mbili. Hapo kona inalala bapa, tofauti na kule kurundika tabaka juu ya tabaka kulikovunja sindano zako. Tumia sindano namba 14. Usianzie kushona kwenye ncha yenyewe, kwani cherehani hizi za miguu hupenda kuimeza kona kwenye tundu la bati; anza katikati ya upande, na ukikaribia kona weka kipande cha gazeti chini yake, ushone pamoja nacho, kisha ukichane.

WaKihesa amejibu:

Kamwene dada. Fundi amesema vizuri, nami naongeza jambo lililonigharimu hapa Iringa. Kitenge kipya kina wanga, na kikifuliwa kinaweza kunywea, kwa hiyo loweka na ukifue kabla ya kukata, si baada ya kushona. Watu watakushauri utie chumvi ili rangi isichuje. Nimeijaribu miaka mingi, na sijaona chumvi ikizuia rangi ambayo haikushika vizuri tangu kiwandani. Dawa yake ni kukifua peke yake kwa maji baridi, na kurudia mpaka maji yatoke meupe.

Kama unatumia pasi ya mkaa, tandaza kitambaa chenye unyevu juu ya upindo. Cheche moja imewahi kunitobolea kanga nzima, tena ile yenye jina nililolipenda.

BintiWaTukuyu amejibu:

Ninakubaliana na vipimo, ila nina shaka kuhusu ncha ndefu jikoni. Zikining'inia shingoni wakati mtu anainama kuchochea moto ni hatari, kwa hiyo baada ya kufunga fundo zisokotwe na kuchomekwa ndani ya mkunjo. Fundo lenyewe likae chini ya nundu ya kisogo, mahali kichwa kinapoanza kuingia shingoni. Likikaa juu yake, bandana lazima ipande, hata ukikaza kiasi cha kuumwa kichwa.

Rasta zinateleza, hilo ni tatizo jingine. Chana ukanda wa fulana kuukuu ya pamba, upana wa sentimita 3, uushonee kwa ndani pale bandana inapokutana na paji la uso. Fulana hushika nywele vizuri kuliko kitenge.

Baada ya kazi, bandana ileile ikunje kuanzia kwenye ncha ya pembetatu hadi iwe utepe wa vidole vinne, uipitishe chini ya nywele na kufunga fundo juu, pembeni kidogo ya paji.  Fundo la katikati kabisa mimi naliepuka. Na kwa baridi yenu ya Juni na Julai huko Uyole, ifunge shingoni pembetatu ikiwa mbele, uingize ncha ndani ya sweta. Kwenye bodaboda utaivuta ikukinge pua na vumbi. Jina lenyewe la bandana asili yake ni Uhindi, kwenye neno lenye maana ya kufunga, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwamba inafungwa kwa namna moja tu.

FundiMafinga amejibu:

Hoja ya moto ni ya kweli, nami sikuifikiria. Kuhusu kile kiukanda: kata vipande vya upana wa sentimita 6 na urefu wa 25, vikunje kwa ndani, ushone viwe kamba bapa, kisha uziunge kwenye kona mbili za zile bandana fupi. Zitatosha hata kwa mwenye rasta.

MamaLisheUyole amejibu:

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilivuta uzi kama nilivyoelekezwa, na nikagundua kwamba maua yalikuwa yamepinda karibu vidole viwili toka ukingo mmoja hadi mwingine. Nimepata mbili mpya za 55, na moja ya zamani nimeiunga kamba. Binti wa rasta ndiye aliyechagua hiyo ya kamba, na leo tumefunga mgahawa saa moja jioni ikiwa bado kichwani mwake. Kona moja tu ndiyo iliyomezwa na cherehani, kwa sababu gazeti lilikuwa limekwisha.