Kofia ya ofisa wa Kiingereza: ning'arishe nembo au niiache?

Mkazi wa Kirumba:
Ndugu wanajamvi, salaam. Marehemu babu yetu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), na tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta kofia ya ofisa wa Kiingereza ya khaki, yenye mkanda wa ngozi wa kidevuni na nembo ya kahawia iliyokolea hata nikadhani ni kutu. Ndani, kwenye utepe wa ngozi unaogusa paji la uso, kuna maandishi ya dhahabu yaliyofifia, nami ninasoma neno "London" tu. Upande mmoja umeota ukungu. Hii ni kofia ya tatu katika mkusanyiko wangu, na ningependa kujua umri wake, na kama inafaa kuing'arisha nembo.

Mkusanyaji, Capri Point:
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Nakuomba sana usiiguse nembo hiyo kwa dawa ya kung'arishia. Nembo za maofisa kwa sare ya khaki zilitiwa rangi ya kahawia makusudi ili zisimetemete, ilhali za askari wa kawaida kwa kawaida zilikuwa za shaba ya njano. Mimi niliwahi kusugua moja nikidhani ninaisaidia. Rangi ilitoka yote, na hadi leo kila nikiitazama roho inaniuma.

Kuhusu umri, tazama taji, ikiwa nembo yako inalo. Taji la wafalme waliotawala kuanzia 1901 hadi 1952 lina matao yaliyoinuka kama kuba, na la Malkia Elizabeth II limebonyea katikati. Hata hivyo, taji peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu Mfalme Charles III alilirudisha lile la kuba mwaka 2022, na nembo za kuiga nazo ni nyingi. Ndiyo maana ninayathamini zaidi hayo maandishi ya ndani: ofisa alijinunulia kofia kwa fundi wake, ambaye aliweka jina lake humo, wakati vifaa vilivyotolewa na serikali mara nyingi vilipigwa muhuri wa mshale.

Mwenyeji wa Ukerewe:
Naongezea juu ya ukungu, maana unyevu wa hili Ziwa Victoria letu tunaufahamu sote. Itoe kofia kivulini penye upepo, ufunike pua na mdomo, kisha uufagie ukungu taratibu kwa brashi laini. Usiifue wala usiianike juani, kwa kuwa ngozi itakakamaa na kupasuka. Ukiona matundu ya nondo, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baadaye itoe mfukoni, uijaze karatasi nyeupe isiyo na wino ili isilale, na kamwe usiitundike kwenye msumari.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru sana, wakuu wangu. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia: matao yameinuka, na nyuma ya nembo kuna vijilimi viwili vya shaba vilivyokunjwa kupitia kitambaa, kimoja kikiwa kimeacha alama ya kijani. Sijasugua kitu. Shangazi anakumbuka kwamba babu alikuwa katika kikosi cha 6, kile ambacho mwaka 1961 kiligeuka kuwa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, na nimeyaandika maneno yake kwenye kadi itakayokaa pamoja na kofia.