Pete ya kuvaa kila siku: almasi ya asili, ya maabara, moisanaiti au yakuti samawi?

Njiwa_Manga
Wakuu habari zenu. Natafuta pete ya uchumba na kadiri ninavyosoma ndo nazidi kuchanganyikiwa. Nimebaki na mawe manne: almasi ya asili ndogo ya karati 0.5 hivi, almasi ya maabara ya karati 1, moisanaiti kubwa, au yakuti samawi (safaya) maana mchumba wangu anaipenda sana ile rangi. Yeye kazi zake ni za mikono, pete itakaa kidoleni asubuhi mpaka usiku, sio ya kutolewa kabatini siku ya sherehe. Sasa kila muuzaji ana lake, mmoja ananisisitizia usafi wa VVS kana kwamba bila huo hakuna almasi, mwingine anasema tazama ukubwa tu mengine hayana maana. Naombeni mnilinganishie, kipi kinaonekana kwa macho na kipi kinaishia kwenye karatasi?

MkataVito
Karibu mkuu. Mimi kazi yangu ni kukata mawe kwa hiyo nianze na ukataji, na sio kwa sababu ni kazi yangu bali ndo kitu wanunuzi wanakiruka. Vipimo vya almasi ni vinne, ukataji, rangi, usafi na uzito wa karati, mfumo wenyewe ulipangwa na GIA, taasisi ya Marekani ya kupima vito, miaka ya 1950 na maabara nyingi zinaufuata. Muuzaji atakuvuta kwenye uzito na usafi maana ni rahisi kuvitaja. Lakini jiwe linang'aa kwa sababu mwanga unaingia kwa juu, unagonga nyuso za chini, unarudi juu kwenye jicho lako. Pembe zikikosewa, jiwe likiwa na kina kupita kiasi au bapa kupita kiasi, mwanga unatorokea chini na katikati panafifia au panakuwa peusi, na hapo hata liwe rangi D usafi IF, jiwe limelala tu.

Halafu kuna hili la uzito. Karati moja ni gramu 0.2, ni uzito sio ukubwa. Mkataji asiyetaka kupoteza uzito anaacha kiuno (ukingo wa pembeni unaozunguka jiwe) kinene au tumbo refu, jiwe linasoma karati 1 kwenye mzani ila ukilitazama kwa juu ni dogo. Duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha milimita 6.5 hivi, ukipewa yenye 6.1 jua uzito mwingine umefichwa chini ambako huutazami kabisa. Kwa umbo la duara chukua daraja la juu la ukataji, kwenye ripoti linaandikwa Excellent, hapo usibane hela hata kidogo. Bana kwenye usafi na rangi.

Bi_Marjani
Nikazie kwa MkataVito. Usafi unapimwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, haupimwi kwa macho matupu. Ngazi zinaanza FL na IF, zinashuka VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2 mpaka I1, I2 na I3. Sasa kaka, tofauti ya VVS1 na VS2 wewe na mchumba wako hamtaiona maisha yenu yote, mtailipia tu. Kwa duara VS2 inatosha kabisa. SI1 nyingi nazo ni safi kwa macho ila hizo usinunue kwa kusoma herufi, lione jiwe lenyewe, maana doa jeusi katikati kabisa ya uso wa juu sio sawa na kawingu kadogo pembeni ambako kucha ya pete, yaani kile kijichuma kinachoshika jiwe, inaweza kukafunika. Ukitaka umbo la mstatili lenye nyuso ndefu za ngazi, hapo panda kidogo, lile ni kama dirisha, halifichi kitu.

Rangi inaanzia D isiyo na rangi inashuka mpaka Z ambayo umanjano uko wazi. G mpaka J inahesabiwa karibu haina rangi. Ukivalisha J kwenye dhahabu ya njano hakuna atakayejua, kwenye platinamu au dhahabu nyeupe kaa G au H.

Dundo_wa_Pili
Mimi nasimama na almasi ya asili hata kama ni ya 0.5. Jiwe limekaa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni moja, limetengenezwa kilomita 150 na zaidi huko chini, limepandishwa na volkano, hicho kitu hakirudiwi. La maabara linatoka kwenye mashine wiki chache na kesho zinatoka nyingine elfu, ndo maana bei zake zimeporomoka na ukitaka kuuza baadaye hupati kitu. Pete ya uchumba ni kumbukumbu ya familia, mtu anampa mjukuu wake.

Kito_Halisi
Dundo nakuheshimu na hilo la umri wa jiwe sikupingi, kama mtu linamgusa moyoni hiyo ni sababu tosha ya kununua. Ila tusimchanganye mwenzetu, almasi ya maabara sio feki. Ni kaboni ileile, mpangilio uleule, ugumu uleule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni ngumu kuliko yote), inapinda mwanga kwa kipimo kilekile cha 2.42. Kampuni ya General Electric walifanikiwa kuitengeneza 1954 kwa mgandamizo mkubwa na joto kali, siku hizi kuna pia njia ya gesi ambapo kaboni inajipanga safu kwa safu juu ya kipande chembamba cha almasi. Sonara hawezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa lenzi yake, inatakiwa mashine maalum.

Na hili la kuuza tena, sawa ya maabara inashuka sana, lakini ya asili nayo sio akiba ya benki. Ukitoka nayo dukani ukarudi kuiuza utapewa pungufu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu duka linaweza kupata jiwe kama hilo kwa bei ya jumla kwa hiyo halina sababu ya kukulipa ya rejareja. Anayekuuzia pete ya uchumba kwa maneno ya uwekezaji muogope, awe anauza ya asili au ya maabara.

Dundo_wa_Pili
Hapo kwenye uwekezaji nakubali. Mimi naongelea thamani ya kuwa nayo sio ya kuiuza. Na kama ni ya maabara basi iandikwe, wapo wanaochanganya mle mle kwenye trei moja.

Njiwa_Manga
Nashukuru sana, nimeanza kupata mwanga. Na moisanaiti je? Kuna muuzaji alinipimia kwa kile kikalamu cha kupima almasi, kikalia na taa ikawaka kijani, akasema unaona hii haina tofauti na almasi.

MkataVito
Kikalamu kile mkuu kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Almasi inapitisha joto vizuri mno, na moisanaiti nayo inapitisha vizuri, kwa hiyo testa ya joto peke yake inadanganyika. Ndo maana zikatengenezwa testa zinazopima na umeme pia. Hicho alichokuonyesha kinathibitisha tu kwamba sio kioo wala kubiki zirkonia (jiwe la bandia la bei rahisi), basi.

Moisanaiti ni silikoni kabaidi, imepewa jina la Mfaransa Henri Moissan aliyeikuta 1893 kwenye vipande vya kimondo huko Arizona. Za kwenye pete zote ni za kutengenezwa maana za asili ni chembe ndogo mno. Ugumu wake 9.25, kwa pete ya kila siku ni imara sana. Kinachoitofautisha ni moto wa rangi: inatawanya mwanga kwa kipimo cha 0.104 wakati almasi ni 0.044, kwa hiyo ukitoka nayo juani inarusha rangi za upinde wa mvua kwa nguvu, na jiwe likiwa kubwa ndo inazidi. Kuna watu wanapenda hivyo, kuna watu wanaona imezidi. Ukiitazama kwa lenzi kwa pembe ya ubavu utaona mistari ya nyuso za nyuma inaonekana miwili miwili, almasi haifanyi hivyo. Kwangu mimi ni jiwe zuri likiuzwa kwa jina lake. Ila huyo aliyekwambia haina tofauti na almasi usirudi kwake.

Bi_Marjani
Sasa nije kwenye yakuti samawi, maana naona mnaongea almasi tu wakati bibi harusi mwenyewe roho yake iko kwenye bluu!

Ugumu ni 9, na haina ile tabia ya kupasuka kwa kufuata mistari ya ndani ambayo almasi inayo, kwa hiyo kwa mtu wa kazi za mikono ni chaguo zuri sana. Vito vya rangi havina ngazi moja ya herufi inayokubalika kote, hapa rangi ndo mfalme. Litoe jiwe kwenye taa za dukani, litazame dirishani, litazame kivulini, jioni litazame chini ya balbu ya njano. Bluu nyingine ni tamu dukani halafu nje inakuwa nyeusi tii. Ukitazama kwa juu ukaona katikati pako wazi hadi unaona kidole chako, ukataji ni mbovu.

Uliza matibabu. Yakuti nyingi mno zimechomwa kwa joto kuboresha rangi na hiyo inakubalika, rangi haitoki tena, ila lazima usemwe ukweli kwa sababu isiyochomwa ni adimu na bei yake ni nyingine. Kuna zinazochomwa pamoja na berili ili rangi iingie kutoka nje, hiyo ni habari tofauti kabisa. Na ukihamia kwenye rubi, yaani yakuti nyekundu, ndo uwe macho zaidi, ziko zilizojazwa kioo chenye risasi kwenye nyufa, hizo asidi ya ndimu tu inaweza kuziharibu na sonara akizipasha moto wakati wa kutengeneza pete zinakufa. Pia usisahau kwamba yakuti za kutengenezwa zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ni rahisi sana, kwa hiyo bluu safi isiyo na hata kadoa kamoja kwa bei ya chini, shtuka.

Jina la muuzaji nalo lisikutoshe. Ile rubi kubwa kwenye taji la kifalme la Uingereza, inayoitwa ya Black Prince, kumbe ni spineli, jiwe jingine kabisa. Hapo ni kwa wafalme.

Asha_wa_Vikuku
Samahani naingilia, vipi tanzanaiti au zumaridi? Mi bluu ya tanzanaiti naona inaipita yakuti mbali.

Bi_Marjani
Mdogo wangu kwa uzuri sikubishii, na inapatikana Merelani peke yake duniani, imejulikana 1967. Ila ugumu wake ni kati ya 6 na 7 na inapasuka kirahisi ikigongwa au ikipata joto la ghafla. Hereni au kidani, nunua bila woga. Pete ya mtu anayeshika nondo na ndoo, hapana. Zumaridi ina 7.5 mpaka 8 lakini karibu zote zina nyufa za ndani na zinatiwa mafuta kuzificha, usiziweke kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo.

Fundi_Makucha
Mnaongea mawe mnasahau kinachoyashika. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, ndo maana jiwe lililo chini ya hapo linachakaa kwa kufutwafutwa tu na kitambaa. Halafu ugumu ni kutokukwaruzika, sio kutokuvunjika, almasi yenyewe ukiigonga vibaya ukingoni inamenyeka. Kwa kazi za mikono epuka pete yenye jiwe lililosimama juu kwa makucha manne membamba. Chukua ukingo wa chuma unaozunguka jiwe lote, au makucha sita mafupi. Dhahabu tazama mhuri wa ndani, 750 ni kareti 18, 585 ni kareti 14 (kareti hapa ni usafi wa dhahabu, sio karati ya uzito wa jiwe). Kwa mikono kama hiyo mi napendelea 585, ni ngumu zaidi. Na makucha yakaguliwe kila mwaka, mawe mengi yanapotea kwa kucha iliyolegea.

Njiwa_Manga
Basi nimeelewa. Moisanaiti naiweka pembeni, nabaki na yakuti samawi yenye ukingo mzima, na kama nikikosa bluu ya kueleweka nachukua almasi ya maabara. Swali la mwisho, siku ya kulipa nidai nini mkononi?

Kito_Halisi
Dai ripoti ya maabara huru, sio kadi ya duka. Karatasi ya tathmini kwa ajili ya bima nayo sio ripoti, ile kazi yake ni kutaja bei na mara nyingi imepandishwa. Kwa almasi ripoti ya GIA au IGI (maabara nyingine ya kupima vito) ina namba, ingiza namba hiyo kwenye saiti yao uone kama vipimo vinafanana na jiwe ulilonalo, uzito na milimita zote. Mara nyingi namba imechongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, mwambie akuonyeshe kwa lenzi. Kwa yakuti ripoti iseme ni ya asili au ya kutengenezwa na imetibiwa vipi.

Risiti iandikwe maneno hayohayo: aina ya jiwe, asili au maabara, karati, matibabu, mhuri wa dhahabu, na muda wa kurudisha. Ukiangukia kwenye almasi mwambie akutafutie ya 0.90, bei huwa zinaruka zikigusa 1.00 wakati kwa kipenyo ni 6.2 kwa 6.5, kidoleni huoni tofauti. Hiyo hela inayobaki mpe Fundi_Makucha au mwenzake akutengenezee ukingo mzuri.