Vidonge vya vitamini vinaweza kuchukua nafasi ya mboga na matunda?

Mtu wa Kariakoo: Wakuu habari za mihangaiko. Nipo dukani toka asubuhi mpaka usiku, mchana ni chipsi mayai, usiku ugali na nyama au chipsi tena, mboga za majani sina muda nazo na kusema ukweli sizipendi toka mdogo. Sasa kuna jamaa kaniuzia kopo la multivitamini elfu 40, anasema ukimeza kimoja kwa siku umemaliza, hata matunda huhitaji. Nimeanza kumeza ila mkojo umekuwa njano ile ya kung'aa mpaka naogopa. Ndo inafanya kazi au figo ndo zinaaga? Na mchicha niachane nao jumla?

Nesi_wa_Zamu: Figo zako zipo salama mkuu, hiyo njano ni vitamini B2, rangi yake ndo hiyo. Mwili umechukua unachotaka, kilichobaki umekikojoa, yaani sehemu ya elfu 40 yako ipo chooni hapo 😂. B na C ziada yake inatoka hivyo, ila A, D, E na K zinakaa kwenye mafuta ya mwili na kwenye ini, A ukiizidisha kwa muda mrefu inaumiza ini kweli. Halafu mchicha sio vitamini tu, kuna nyuzinyuzi, zile zinazokufanya upate choo bila kukunja uso, kwenye kidonge hazimo. Chipsi mayai kila siku na choo kinaendaje? Usijibu.

Mama Mapacha: Jamani msivitukane vidonge vyote. Nikiwa mjamzito kliniki walinipa FEFO, ile ya madini chuma na foliki, foliki inasaidia mtoto asizaliwe na mgongo wazi, na inatakiwa uanze hata kabla mimba haijaingia maana mgongo unajifunga mapema mno, wengi hapo hata hatujajijua. Na watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 si wanapewa matone ya vitamini A kila miezi 6? Ila hayo yote yana sababu yake, hakuna aliyeniambia niache kula. Tena walinikataza kumezea na chai, chai inazuia madini chuma.

Chuga Finest: Biashara tupu hizo, babu zetu walimeza nini?

Mzee wa Data: @Chuga babu zetu wengine walikufa mapema pia, tusidanganyane. Ila sikieni hii. Watu wanaokula sana mboga na matunda walionekana wanapata saratani ya mapafu kidogo, watafiti wakahisi ni beta karotini, ile iliyopo kwenye karoti. Kule Finland wakachukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, baadhi wakapewa beta karotini ya vidonge miaka kadhaa. Majibu yametoka 1994, waliomeza wamepata saratani ZAIDI, kama asilimia 18 hivi. Marekani nao walikuwa na jaribio kama hilo wakalisimamisha 1996 kabla ya muda. Kwahiyo ukichomoa kitu kimoja kwenye karoti ukakijaza kwenye kidonge sio kwamba umekula karoti.

Mtu wa Kariakoo: Aisee hapo kwenye sigara umenigusa, mimi navuta 😬. Sasa nile nini na hizi ratiba zangu?

Mama Mapacha: Kaka hapo hapo Kariakoo wamejaa mama ntilie, mwambie akuwekee matembele au kisamvu na dagaa, usiwatoe vichwa, kalsiamu imo humo humo kwenye mifupa. Hiyo chipsi kama huiachi basi omba kachumbari ya kutosha, kamulia na limao, vitamini C inasaidia chuma ya mboga kuingia mwilini. Embe nalo linakushinda?

Nesi_wa_Zamu: Na hilo kopo soma lebo, kama kuna beta karotini wewe mvuta sigara liache. Ukiwa unachoka choka nenda kapime damu kwanza, usinunue kopo lingine kwa kuhisi.

Mtu wa Kariakoo: Nimesoma, imo. Jamaa simu hapokei.