Bajeti ya mwezi, familia ya watu sita Dar, mshahara 1,000,000: naikosea wapi?

Mpangaji_Segerea:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kwenye bajeti ya nyumbani. Tuko sita: mimi, mke, watoto watatu na shemeji yangu anayesoma chuo. Tumepanga Tabata Segerea.

Mshahara wangu ghafi ni 1,000,000, sina deni la bodi ya mikopo. Mke ni fundi cherehani, faida yake inapanda na kushuka kati ya 150,000 na 400,000. Kodi ya nyumba 150,000 kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita, Machi na Septemba. Watoto wawili wako shule ya serikali, mmoja shule ya binafsi, ada 1,200,000 kwa mwaka kwa awamu nne kuanzia Januari. Mama kijijini namtumia 50,000.

Nimejaribu ile ya asilimia, nusu mahitaji, 30 mambo mengine, 20 akiba. Kwenye karatasi inakubali na chenji inabaki. Ikifika tarehe 20 tunaandikisha kwenye daftari la dukani. Tatizo liko wapi? Nawasilisha.

Daftari_la_Mangi:
Mleta mada, asilimia weka pembeni kwanza. Kwa kipato cha aina hiyo, chakula na kodi peke yake vinapita nusu, kwa hiyo hizo namba zinakudanganya tangu mstari wa kwanza. Anza na shilingi.

Pesa inayoingia. Kwenye 1,000,000 mfuko wa hifadhi unachukua asilimia 10, yaani 100,000. PAYE, ile kodi ya mshahara, inakokotolewa kwenye 900,000 iliyobaki: 68,000 kwa kipato cha mpaka 760,000, kisha asilimia 25 ya 140,000 ambayo ni 35,000. Jumla 103,000. Mkononi unabaki na 797,000. Kwa shemeji mwenye cherehani usiweke wastani. Weka mwezi wake mbaya kuliko yote, 150,000. Bajeti yako ni 947,000, si zaidi. Ukiweka wastani wa 275,000, mwezi ambao watu hawashoneshi unaanza na pengo la 125,000 na hujui limetoka wapi.

Sasa matumizi. Nahisi kwenye karatasi yako kodi haimo kwa sababu "tulishalipa Septemba", na ada haimo kwa sababu "ni Januari". Hapo ndipo chenji yako ya kwenye karatasi inapotoka. Chochote kinacholipwa mara moja au mara mbili kwa mwaka kigawe kwa 12 na ukitenge kila mwezi kama vile umeshakilipa:

Kodi 150,000. Ada 100,000. Sare, viatu na madaftari ya watoto watatu, tuseme 240,000 kila Januari, ni 20,000. Sikukuu na safari ya Desemba, tuseme 480,000, ni 40,000. Jumla 310,000. Hiyo isikae kwenye laini unayonunulia nyanya. Ikae akaunti nyingine isiyo na kadi mfukoni.

Zilizobaki, kwa makadirio ya mtaa wenu (sahihisha kwa bei unazolipa wewe):
Chakula cha stoo 174,000
Gengeni na buchani 173,000
Gesi 45,000
Umeme 34,000
Maji 18,000
Nauli yako 1,400 kwa siku mara 26 ni 36,400, tuseme 37,000
Uji na vijisenti vya watoto shuleni 20,000
Bando na vocha 20,000
Sabuni, dawa ya meno, taulo za kike 25,000
Dawa na zahanati 25,000
Mama 50,000
Michango ya harusi na misiba 30,000
Makato ya miamala 7,000
Taka na ulinzi shirikishi 8,000

Ukijumlisha na ile 310,000 unapata 976,000. Una 947,000. Unapungukiwa 29,000 kabla mtoto hajaugua na kabla ya akiba yoyote. Nauli ya shemeji wa chuo sijaiweka, maana hukusema nani anailipa.

Mama_Stoo:
Naongezea kwenye chakula, maana hapo ndipo bajeti nyingi zinaandikwa kwa kukisia.

Pima kwa mlo. Mchele au unga, gramu 130 kwa kila mtu, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo watu sita ni kama gramu 800. Usiku 15 wali, kilo 12. Usiku 15 ugali, kilo 12. Mchana wanaokula nyumbani ni wachache, nusu kilo inatosha, kwa siku 28 ni kilo 14. Jumla kilo 38: gawanya mchele 18, sembe 20. Ongeza maharage kilo 6, sukari kilo 5, mafuta ya kula lita 5, ngano kilo 4, dagaa za 15,000, chumvi, majani ya chai na viungo 6,000. Kwa mchele 2,800, sembe 1,600, maharage 3,000, sukari 2,900, ngano 2,000 na dumu la mafuta 30,000, unapata 173,900. Ndiyo hiyo 174,000 ya mkuu hapo juu.

Mkipenda dona msinunue ya mwezi mzima. Kiini cha mahindi kina mafuta, ikikaa inachacha na watoto wanaikataa, mnaimwaga. Nunueni ya wiki mbili. Sembe na mchele vinavumilia mwezi ndoo ikiwa kavu na kifuniko kimebana.

Gengeni ndiko kwenye kitobo. Watu wanasema "40,000 kwa wiki, basi 160,000". Mwaka una wiki 52, mara 40,000, gawa kwa 12: ni 173,000. Hiyo tofauti ya 13,000 ndiyo siku mbili tatu za mwisho wa mwezi mnazokula kwa daftari. Na ile desturi ya baba kuacha hela mezani kila asubuhi, leo 5,000 kesho 10,000, iacheni. Toeni 40,000 kila Jumamosi, ikae na mama, yeye ndiye anayejua nyanya zimepanda au zimeshuka. Ikiisha Alhamisi, Ijumaa mnakula maharage ya stoo. Hakuna kuchota wiki ijayo.

Mafuta ya kupima ya 500: chukueni kikombe chenye alama za mililita mpime mnapewa kiasi gani, kisha pigeni hesabu ya lita. Mkiliona jibu mtanunua dumu.

Gesi andikeni tarehe kwa maka peni kwenye mtungi siku ya kuufunga. Mtungi wa kilo 15 ukinunuliwa 57,000 na kudumu siku 38, ni 1,500 kwa siku, 45,000 kwa mwezi. Ukiishia siku ya 28, ama kuna anayebandika maharage bila kuloweka, ama mpira au regulata inavuja. Paka povu la sabuni kwenye maungio, pakitoka mapovu umepata jibu. Maharage yalowekwe usiku kucha, chemsheni kilo mbili kwa mkupuo mmoja, mgawe kwenye vibakuli na kugandisha.

Kaka_Mkubwa:
Michango 30,000 kwa Dar? Mkuu unamtakia mwenzako ugomvi na ukoo. Kadi moja ya harusi ni 50,000, single, ya mtu mmoja.

Daftari_la_Mangi:
Kaka, 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka. Si kidogo. Tatizo ni kwamba kadi zinakuja kwa makundi, Juni mpaka Agosti na Desemba, wakati mtu anapanga kama zinakuja moja moja. Fungu lijaze tangu Januari, ukiletewa kadi unaangalia kilichomo. Misiba itangulie, haina taarifa. Harusi ina kamati na vikao vya miezi mitatu, unaweza kuahidi 30,000 ukalipa kwa awamu tatu. Kinachoumiza ni kuahidi 100,000 kwenye kikao kwa sababu aliyekutangulia alitaja 100,000.

Mpangaji_Segerea:
Asanteni sana. Ni kweli, kodi na ada sikuziweka kabisa. Nauli ya shemeji anailipa kaka yake. Maswali mawili. Umeme 34,000 mmeipataje? Na faida ya mke ikifika 400,000, hiyo ya juu iende wapi?

Volti240:
Umeme: ukiwa kwenye tarifu ya kawaida ya T1, uniti ni 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti) 1 inakuwa kama 356. Elfu kumi inatoa uniti 28 na ushee. Nyumba yenye friji, TV, feni na pasi, uniti 90 ni makadirio ya haki: 32,000, juu yake kodi ya jengo 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU. Ndiyo hiyo 34,000. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubaliana naye muipunguze kwenye pango, 9,000 kila miezi sita, na iandikwe.

Kuna imani kwamba ukinunua kidogo kidogo unapata uniti nyingi. Hapana, bei ya uniti ni ileile. Usiponunua miezi miwili, kodi ya jengo inakusubiri ikiwa imejikusanya. Kama mita yenu iko D1, tarifu ya matumizi madogo, hapo habari ni nyingine: uniti 75 za mwanzo ni 100 kila moja kabla ya kodi, karibu 9,150 kwa zote 75. Mkivuka, zinazofuata zinaruka hadi 350. Nyumba yenu haitakaa D1 kwa matumizi hayo.

Vinavyokula: birika la wati 2,000, robo saa kila siku, ni uniti 15 kwa mwezi, zaidi ya 5,000 kwa chai tu. Chemsha mara moja, jaza chupa. Pasi ya wati 1,000 saa tatu kwa wiki ni uniti 13. Na kama cherehani na pasi ya kazi viko kwenye mita hiyohiyo, umeme wa biashara utolewe kwenye hela ya biashara, la sivyo hiyo mnayoiita faida si faida.

Mama_Stoo:
Hapo kwa Volti pana uzito. Kabla ya kusema "faida 400,000", shemeji mwenye cherehani atoe vitambaa, uzi, zipu, umeme, nauli ya Kariakoo na fungu la kutengeneza cherehani. Ajilipe 150,000 tarehe moja kila mwezi, hata mwezi mzuri. Kinachozidi kizibe kwanza lile pengo la 29,000, kisha kiende dharura mpaka ifike 350,000 hivi, chakula cha mwezi mmoja. Baada ya hapo ndipo mtaji.

Akitaka kucheza mchezo (upatu), achague zamu kwa kalenda. Watu kumi kwa 30,000 ni 300,000, awamu moja ya ada kamili. Aombe zamu ya Desemba. Wengi wanagombea zamu ya kwanza, wanapokea Machi, Januari ikifika hela haipo na bado wanadaiwa kuchangia. Ila 30,000 hiyo itoke ndani ya fungu la ada, isiwe mstari mpya.

Daftari_la_Mangi:
Mleta mada, jambo moja limebaki na ndilo litakalokukwamisha. Kugawa kwa 12 kunafanya kazi ukianza mwanzo wa mzunguko. Leo ni Oktoba. Januari unahitaji ada 300,000 na sare 240,000, yaani 540,000, na umebakiwa na mishahara mitatu. Hiyo ni 180,000 kwa mwezi, si 120,000. Kodi ya Machi 900,000 kwa mishahara mitano ni 180,000, si 150,000. Kwa hiyo mpaka Desemba unahitaji 90,000 zaidi ya ile bajeti, juu ya pengo la 29,000. Jumla 119,000 kila mwezi.

Zinapopatikana: safari na sikukuu ya mwaka huu ifute, 40,000. Bando punguza 5,000. Sare za mtoto mkubwa zikimtosha mdogo, toa 60,000 kwenye zile 240,000, ni 20,000 kwa mwezi. Inabaki 54,000, na hiyo itoke kwa cherehani, maana Novemba na Desemba ni msimu wa sare na nguo za sikukuu. Msimu ukiwa mbaya, nenda kwa mwenye nyumba mwezi huu, si Machi, umwombe miezi mitatu mitatu. Shuleni pia, mhasibu anaongea vizuri zaidi Novemba kuliko siku ya kufungua shule. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiziguse, marejesho ya kila wiki yatakula lile fungu la Jumamosi.

Mpangaji_Segerea:
Nimeelewa. Mwenye nyumba naenda kumwona Jumapili. Hivi deni la dukani, 86,000, nililipe lote mwisho wa mwezi?

Mama_Stoo:
Usililipe lote. Ukilimaliza kwa mkupuo stoo haijai, na tarehe 10 umerudi kwenye daftari. Mwambie Mangi wa dukani utalipa 30,000, 30,000, 26,000, na kuanzia leo hakuna jina lenu kuandikwa tena, hata mtoto akitumwa chumvi.

Kaka_Mkubwa:
Na hiyo 30,000 inatoka fungu gani? Mbona kila shilingi imeshapangiwa.

Mama_Stoo:
Inatoka gengeni na buchani, Kaka. Miezi mitatu nyama Jumapili tu, katikati ya wiki dagaa na maharage.