Kakangu ni rubani wa jeti za vita, akija nyumbani ni kama tunakaa na mgeni. Wenye mnajua hii kazi nisaidieni

NyarKondele, Kisumu
Hamjambo watu wangu. Naomba wenye wamewahi kuishi na hawa watu wanijibu, nimefikiria hii kitu mpaka usingizi umepotea. Kakangu mdogo ni rubani wa jeshi la wanahewa, zile F-5 ziko Nanyuki. Yeye ndio kitinda mimba kwetu, mimi ndio nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la tano, kwa hivyo si mtu naweza sema simjui. Lakini siku hizi akija livu namwangalia nashindwa kumsoma.

Wiki iliyopita alikuja siku nne. Mama akaamka saa kumi na moja alfajiri akachemsha nyoyo, mahindi na maharagwe, vile alikuwa anapenda tangu akiwa mtoto. Kijana akaangalia sufuria akasema asante mama, mimi nitakula samaki na ugali tu. Mama hakusema kitu, lakini nilimwona jikoni anafunika ile sufuria polepole alafu anasimama hapo tu. Siku ya pili akawa na mafua, nikakimbia dukani nikamletea vidonge, akageuza pakiti akasoma nyuma akanirudishia, ati hawezi kumeza dawa daktari wao hajui. Shingo nayo inamuuma, ukimwita kutoka nyuma anageuza mwili wote. Na jioni ikifika anatoka nje na simu anakaa chini ya mwembe, anaongea na wenzake wa skwadroni lisaa lizima, anacheka mpaka anashika mti. Akiingia ndani kimya. Nikimuuliza kazi iko aje anasema iko sawa dada. Basi.

Na kuna kitu ingine. Mnakumbuka Aprili 2024, Jenerali Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alianguka na helikopta kule Sindar, Elgeyo Marakwet, wakafa yeye na wanajeshi wengine tisa. Alikuwa rubani wa jeti kabla awe mkubwa, na akazikwa hapa kwetu Siaya, Ng'iya, bila jeneza vile alikuwa ameagiza, siku ya tatu tu. Kakangu alienda matanga. Alirudi nyumbani jioni akavua viatu akalala, na mpaka leo hajawahi kuongea juu ya hiyo siku. Mama naye tangu hapo akisikia ndege inashuka kutua uwanja wa Kisumu anaacha chenye anafanya anasimama mpaka sauti iishe.

Sasa nauliza, hii ni kazi imemchukua ama kuna kitu anatuficha? Na mtu anaanzia wapi kumkaribia bila kumsumbua?

Omwana_Kakamega
Pole dada. Lakini mimi naona ni maringo tu, wakishapanda hizo ndege wanaona chakula ya nyumbani ni ya washamba. Binamu yangu alipata kazi Nairobi akawa hivyo hivyo. Mwambieni ukweli kwa uso.

FundiMstaafu, Lanet Nakuru
Kijana wa Kakamega ngoja kwanza, hapo umekosea na nitakuonyesha.

Binti yangu NyarKondele, nimesoma nikaweka simu chini nikaichukua tena. Mimi nilikuwa fundi wa ndege, sai nimestaafu niko huku Lanet na kuku zangu. Niliingia wakati kikosi bado kinaitwa '82 Air Force, hilo jina tulikaa nalo mpaka 1994 ndio tukarudishiwa la Kenya Air Force. Sijawahi kurusha ndege. Mimi ndio yule anapanda ngazi rubani akishakaa, namsaidia kufunga mikanda ya mabega, nachomoa zile pini za usalama zenye utepe mwekundu namwonyesha azihesabu moja moja kwa macho yake, alafu nashuka. Kwa hivyo nyuso zao nazijua, mimi ndio mtu wa mwisho kuwaangalia kwa karibu kabla hawajaondoka.

Mwambie mama yako nyoyo hazikudharauliwa. Huko juu hewa ni nyepesi, na gesi yenye iko tumboni inafura. Ukifika kama mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa usawa wa bahari, ile gesi ilikuwa ngumi moja sasa inataka kuwa ngumi mbili, na ndani ya jeti hawajaziwi hewa kama abiria wa kwenda Mombasa. Na amefungwa mikanda kila upande, hawezi kusimama, hawezi kujikunja, maumivu yakimshika na ndege iko mikononi mwake ni hatari. Maharagwe, kabichi, soda, wanaziachanga siku za kuruka. Mtu ako na siku nne tu na anajua akifika kambini atapangwa asubuhi, anaanza kuogopa mapema. Ile sufuria ilimuuma yeye pia, niamini.

Dawa za mafua hizo za dukani nyingi zinaleta usingizi, ndio maana alisoma pakiti. Na mafua yenyewe ni shida, masikio yakiziba na ndege ishuke haraka ngoma ya sikio inaweza kupasuka, kwa hivyo daktari wao akijua anamsimamisha kuruka mpaka apone.

Sasa shingo. Jeti ikikata kona kali, kila kitu ndani kinaongezeka uzito. F-5 inaweza kuvuta mara saba na kitu. Piga hesabu na mimi, kichwa cha mtu ni kama kilo 5, helmeti na maski ya oksijeni weka kilo 2, hiyo ni 7, zidisha mara 7, unapata 49. Gunia letu la mahindi ni kilo 90, kwa hivyo ni zaidi ya nusu gunia imekalia shingo ya kijana wako, na katika hali hiyo bado anageuza kichwa nyuma kutafuta mwenzake yuko wapi. Damu nayo inakimbilia miguu, wanavaa suruali fulani inajaa hewa inawabana mapaja na tumbo, na wenyewe wanakaza misuli na kupumua kwa kukatakata, asipokaza vizuri macho yanaanza kupoteza rangi, baadaye giza, baadaye anazimia kabisa. Kama hajalala ama hajanywa maji ya kutosha inamshika haraka zaidi.

Hiyo ya simu chini ya mwembe ndio nataka uielewe kuliko zote. Asubuhi kabla ndege ya kwanza tulikuwa tunapanga mstari mmoja, ofisa, sajini, na yule amemaliza kozi juzi, tunatembea polepole macho chini tunaokota changarawe, misumari, hata kifungo cha shati, juu injini ya jeti inafyonza na kijiwe kama punje ya mahindi kinatosha kuiharibu. Hapo kwa mstari ndio utani unapigwa. Kulikuwa na rubani mmoja mdomo wake ulikuwa moto, kila siku lazima aiseme vibaya timu yangu ya mpira, mvua ikinyesha, jua likiwaka, lazima. Siku moja akapita karibu yangu kimya. Nikapanda ngazi nikamfunga mikanda, nikaangalia mikono, anavuta glavu ya kushoto, anaiachilia, anaivuta tena, mara tatu. Nikashuka nikaenda kwa mwenzake ndege ya pili nikamwambia afande, huyu leo hajanitania. Sikuongeza neno. Yule mwenzake akafungua mikanda akashuka, wakaenda kando wakaongea, na siku hiyo hawakuruka wote wawili. Kumbe mtoto wake alikuwa amelazwa, usiku mbili hajafunga jicho na hakutaka kumwambia mtu.

Kwa hivyo wakicheka wanapimana. Anamsikiliza mwenzake sauti iko wapi leo. Siku kakako atatoka chini ya mwembe na hakucheka, hapo uniandikie haraka.

WifiWaNanyuki
Nakuita wifi ingawa hatujuani, juu mume wangu ni mmoja wao. Sisi kwetu ni Bungoma lakini tunakaa huku Nanyuki miaka saba sasa.

Mzee Fundi shikamoo, umenitoa machozi na hiyo ya glavu. Lakini kuna kitu hujagusa na siwezi kunyamaza. Hawa watu wanaficha maumivu. Wanaficha kwa daktari, juu wakisimamishwa kuruka wanahisi wametolewa kwa familia, wenzake wanaenda kuvaa yeye anabaki kujaza makaratasi. Mume wangu alificha mgongo miezi mitano. Mitano! Na wenzake walijua, walikuwa wanambebea begi la helmeti wakifika mahali wakubwa hawaoni. Huo nao ni upendo, sikatai, lakini mimi sikuupenda na mpaka leo siupendi, juu mwenye alikuwa anamvalisha soksi asubuhi ni mimi. Alienda kwa daktari siku nilimwambia mimi ndio nitampigia mwenzake wa karibu nimwambie hawezi kuinama. Sikutaja mkubwa, nilitaja mwenzake. Aliona aibu kwa yule kuliko angeona kwa jenerali, akaenda mwenyewe. Akafanyishwa mazoezi wiki kadhaa akarudi hewani.

Sasa wewe usianze na maswali makubwa. Hiyo "kazi iko aje" hawana jibu lake. Kwao wakitua wanaingia chumba kimoja wanaulizana kila kitu, ulichelewa wapi, kwa nini uligeuka kulia, na huko cheo kinaachwa mlangoni, mdogo anamwambia mkubwa ulikosea hapa na mkubwa anaandika. Mtu ameshaulizwa hivyo kutwa nzima, akifika nyumbani na umuulize tena kwa jumla anajifunga. Mimi naulizanga kitu kidogo. Leo ulisikia baridi? Nani alipika chai? Hapo inatoka, anaanza na chai anamaliza na mambo yenye sikutarajia, saa ingine saa sita usiku taa imezimwa.

Na hiyo ya Ng'iya, wifi, usimlazimishe. Hapa kambini wiki ile hakuna nyumba ilipika vizuri. Sisi wake tulikuwa tunakaa nyumba moja na watoto wote mpaka wanaume warudi, hatukupanga, tulijikuta tu tumekaa hapo.

Tabibu_Eldy
Mimi nafanya tiba ya viungo hapa Eldoret. Sitasema mengi. Shingo yenye haigeuki kabisa si ya kungoja. Kama kuna ganzi kwa mkono ama vidole, ama maumivu yanashuka begani, aende wiki hii, na aende kwa daktari wao wa urubani, asiende kukandwa sokoni na mtu anavuta shingo mpaka ilie kwaa. Nimeona watu wameharibiwa hivyo.

Omwana_Kakamega
Mzee Fundi nimeelewa, nisamehe dada NyarKondele, niliongea kabla sijajua. Binamu yangu basi sijui yeye ni nini lakini hiyo ni kesi ingine. Kijana wangu ako kidato cha tatu anasema anataka kuwa rubani wa jeshi, anaanzia wapi?

FundiMstaafu, Lanet Nakuru
Hakuna ubaya kijana. Maofisa kadeti wanapitia hapa kwetu Lanet, Kenya Military Academy, wanafundishwa uanajeshi kwanza. Kuruka ni baadaye. Tangazo likitoka kwa gazeti asome masharti mwenyewe, na ukiona mtu anakuuliza pesa ili amsaidie kuingia, kimbia. Akazane na hesabu na fizikia, na alinde macho.

NyarKondele, Kisumu
Nimerudi. Samahani nimekaa siku tatu bila kujibu, nilikuwa nasomea mama majibu yenu kwa sauti, hiyo ya ngumi mbili alinifanya nirudie.

Nilimpigia kakangu jana usiku. Sikuuliza kazi. Nilimuuliza wifi alivyosema, leo nani alipika chai. Akanyamaza kidogo alafu akacheka, ile cheko ya mwembe, mara ya kwanza naisikia ikiwa yangu. Akasema chai alipika mmoja wao amezaliwa Homa Bay na anaweka majani mpaka kijiko kinasimama. Tukaenda hivyo hivyo, nikamwambia mama anajua mambo ya maharagwe, akaniuliza mara mbili, anajua? hakukasirika? Nikasikia amevuta pumzi.

Alafu akaongea ya Ng'iya bila mimi kuuliza. Alisema alisimama na wenzake wawili pale pembeni, jua kali, hakuna mwenye aliweza kusema neno. Kola yake ilikuwa imefunguka na hakujua. Mmoja akageuka akamfungia kifungo cha juu, akakipigapiga kidogo na kidole, akarudi kuangalia mbele. Alisema ndio hiyo tu anakumbuka vizuri. Nililia lakini niliweka simu mbali asisikie.

Shingo amesema ataenda Jumatatu. Nilimwambia kuna mtu alinifundisha kwamba naweza kutafuta namba ya huyo wa chai, akasema usithubutu, ataenda. Vidole haviko na ganzi, nimemuuliza.

Mama ameniuliza swali moja na sina jibu, kwa hivyo nawaachia wazee. Desemba akipata livu ya wiki mbili, nyoyo anaweza kula siku gani?

FundiMstaafu, Lanet Nakuru
Siku ya kwanza. Amchemshie sufuria kubwa, ale mpaka atosheke, zile siku tatu za mwisho ndio arudie samaki.

WifiWaNanyuki
Na ampe zingine kavu abebe, hazijapikwa. Huku kwetu tutazichemsha Ijumaa jioni, wikendi yenye hawajapangwa kuruka.