Propela na RPM: nitembee ngapi injini ya boti idumu?

Dau_la_Kusini
Habari za humu wakuu. Nina boti ya mbao ya abiria na mizigo, Kilindoni (Mafia)–Nyamisati (bara). Injini dizeli silinda 4, kibao kinasema fulu ni RPM 2800, yaani mizunguko kwa dakika. Imefungwa propela yenye pichi (mlalo wa mapanga, umbali inaosukuma kwa mzunguko mmoja) kubwa kuliko ile ya zamani, fundi akasema hii inakula maji, na kweli mwendo mdogo inavuta, ila nikikandamiza mpaka mwisho haivuki 2400 na moshi mweusi umepaka nyuma mpaka jina la boti halisomeki. Nahodha anataka tutembee 1500, mwingine ananiambia 2200. Ovahoo ni hela jamani, nisaidieni

Fundi_Nozeli
Mkuu anza na propela. Injini ikiwa na mzigo wake wa kawaida, maji ya kina, isipofika 2800 ujue imeelemewa. Ni sawa na lori la Fuso linapanda mlima Kitonga na gia ya tano, gavana (kile kinachopima dizeli ya kuingia) inazidi kumwaga dizeli, hewa haitoshi kuichoma, ndo huo moshi, joto la eksozi linapanda na valvu na pistoni ndo zinaumia

Mwana_Bamvua
Taratibu fundi, chini pamekwanguliwa lini? Mwani na makombe yakiganda RPM inashuka hata propela ikiwa sawa. Subiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yakitoka ilaze mchangani ukwangue, badilisha filta ya dizeli, cheki ya hewa, na hiyo geji ya RPM ipimwe maana nyingi zinadanganya

Fundi_Nozeli
Hapo sawa kabisa. Ikibaki 2400 baada ya hayo, punguza pichi. Kwa boti ndogo inchi moja inarudisha kama 150 mpaka 200, kwa hiyo anza na inchi 2. Ikifika 2800 ndo utembee 2200 au 2300. Nguvu inayoliwa na propela inapanda kwa kipeo cha tatu, ukishuka mpaka asilimia 80 ya RPM ya fulu mzigo unabaki kama nusu tu

Dau_la_Kusini
Shukrani. Kwa hiyo nahodha na 1500 yake anakosea?

Mwana_Bamvua
Kwa dizeli unaokoa, hilo mpe haki yake. Ila kutwa nzima hivyo injini haishiki moto, masizi yanajaa na silinda zinang'aa, ringi hazikamati, inaanza kula oili. Kila safari mpe kama robo saa ya 2300. Na ile tabia ya kuiacha silensa (inaunguruma bila mzigo) nusu saa gatini mkisubiri abiria ndo mbaya kuliko zote, zima

Kijana_wa_Gati
Nyongeza, boti ya tumbo, yaani inayopasua maji bila kupaa juu yake, yenye urefu wa mita 10 kwenye maji ikifika knoti 7 na nusu hivi inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, ukiongeza hapo unachoma mafuta tu

Fundi_Nozeli
Na siku ya kutoa propela tumia pula (kifaa cha kuvutia), usikubali mtu aigonge na nyundo, kishindo kinapitia shafti mpaka beringi za giaboksi.

Dau_la_Kusini
Pula ninayo. Bamvua ijayo naipandisha