Kikundi cha familia: Kitabu cha Jumamosi

DADA LETI 07:12
Habari za asubuhi wapendwa. Jumamosi saa kumi kwa Babu, Bwiru. Ulysses ya James Joyce, sura ya 6. Nani amemaliza?

DADA LETI 09:40
Naona tiki za bluu tu.

BARAKA 09:58
Nimekwama ya 3 da Leti. Jamaa anatembea ufukweni anawaza, simpati kabisa.

DADA LETI 10:01
Si nilisema uiruke! Anza ya 4, ndipo Bloom anaingia. Anampelekea mkewe chai kitandani, huku nyuma figo ya nguruwe inaungua jikoni. Soma kwa sauti, utacheka peke yako.

MAMA ZAI 10:03
Nguruwe tena 🙈 Mimi naleta sato.

BARAKA 10:03
Wa kukaanga au kuchoma?

MAMA ZAI 10:05
Mchange kwanza. Mwaloni Kirumba bei imepanda.

DADA LETI 10:09
Jamani, kitabu! Sura ya 6 wako kwenye gari la farasi, Dublin, 1904, wanakwenda kumzika Dignam. Bloom amekalia kitu kigumu, kumbe sabuni aliyonunua asubuhi! Basi wenzake wanaanza kusema anayejiua ni aibu kwa familia. Na baba yake Bloom alijiua. Yeye kimya. Pale nilicheka sabuni, halafu nikafunga kitabu.

MJOMBA DEO 12:31
Kama kwenye kosta ya Magu. Waliosema wamo humu.

BARAKA 12:32
Kwa hiyo sato ni wa kuchoma? 😂

DADA LETI 12:33
Baraka acha.

BABU 13:20
Nimesoma yote.

BARAKA 13:20
Shikamoo Babu

BABU 13:26
Marahaba. Kitabu hicho Marekani walikizuia mpaka 1933. Rosa Mistika ya Kezilahabi, mtu wa hapo Ukerewe, nayo ilizuiwa mashuleni, sisi walimu tukaisoma usiku. Msinililie ugumu. Deo, hiyo sura utaisoma wewe, kwa sauti. Na waliokuwa kwenye kosta waje wakae wasikie.

DADA LETI 13:40
Sawa Babu. Waliokuwa kwenye kosta nijibuni nipange viti.

DADA LETI 16:55
Jamani?

MAMA ZAI 19:47
Jumamosi nina kikoba. Haiwezi kuwa Jumapili?

MJOMBA DEO 21:15
Kitabu chenyewe sina.

DADA LETI 21:15
Nakuletea kesho dukani, mjomba. Alama nimeweka pale kwenye sabuni.

MJOMBA DEO 21:38
Lete. Kuja sijasema.